Nani Anampikia Ustadhi?



Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikuwa Mbagala Rangi Tatu nikisubiri basi la kutoka Kibiti. Dada yangu alikuwa amenipigia simu baada ya sala ya alfajiri, akasema maneno machache: "Kaka, mtoto anarudi. Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza. Nenda kampokee." Mtoto huyo ana umri wa miaka 21, na kwa miezi kumi na mmoja alikuwa mwalimu wa madrasa katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji. Tulimsindikiza kwa dua na masinia ya pilau. Sasa alikuwa anarejea kabla ya wakati, na katika ukoo mzima hapakuwa na mtu aliyejua limemsibu nini. Huko kutojua ndiko kulikoniuma kuliko kurudi kwenyewe.

Basi lilichelewa, nikaketi kwenye benchi la muuza kahawa. Haukupita muda wakaja vijana wawili, mmoja Mzungu na mwenzake Mwafrika, wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi, tai shingoni na kibao cheusi kifuani. "Shikamoo mzee," akasema yule Mzungu, kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani lakini chenye adabu. Nikawakaribisha kahawa. Wote wawili wakakataa kwa upole: dini yao inawakataza kahawa na chai, sembuse pombe na tumbaku. Muuza kahawa aliguna.

Hawa walikuwa wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao ulimwengu umezoea kuwaita Wamormoni. Kanisa lao liliasisiwa mwaka 1830 katika jimbo la New York na Joseph Smith, wanayemwita mtume, na hapa nchini linatambuliwa tangu mwaka 1992. Katika suala la utume hatuna pa kukutania nao, maana sisi tunaamini kwamba mlango huo ulifungwa kwa Muhammad (s.a.w.). Nililisema, wakalisikia, tukaliacha hapo. Nilichotaka kujua mimi ni jambo la jikoni zaidi: vijana hawa wanaishije?

Yule Mwafrika, ambaye alitoka Uganda, alinieleza kwamba hawatengani. Wanalala nyumba moja, wanatembea pamoja, wanakula pamoja. Hata mmoja akitaka kununua sabuni mwenzake huandamana naye. Muda wao unajulikana tangu siku ya kwanza: mvulana miaka miwili, msichana miezi 18. Mvulana anaweza kuanza akiwa na miaka 18. Zamani ilikuwa 19, ikapunguzwa mwaka 2012. Ratiba yao waliyoizoea inawaamsha saa 12:30 asubuhi. Niliwaambia kwamba saa hiyo mtoto wetu ameshaadhini, ameshasalisha na ameshawasomesha watoto kurasa mbili, wakacheka sana. Baada ya kuamka huwa na saa za kujisomea, kisha miguu barabarani mpaka jioni. Siku moja katika wiki wanaachiwa wafue, waende sokoni na wawasiliane na nyumbani. Kabla ya mwaka 2019 waliruhusiwa kuwapigia wazazi simu mara mbili tu kwa mwaka. Tangu mwaka huo wanazungumza nao kila wiki.

"Na nani anawalisha?" nikauliza.

Yule Mmarekani akasema kwamba alifanya kazi dukani baada ya masomo tangu akiwa na miaka 14 ili aweke akiba ya safari hii, na baba yake akajazia. Mwenzake hakuwa na uwezo huo, akasaidiwa na waumini wenzake. Kanisa haliwalipi mshahara, lakini chakula cha mwezi ujao kinajulikana kitatoka wapi kabla mwezi haujaandama.

Hapo basi likaingia. Akateremka mpwa wangu, mkoba mmoja begani, msahafu ameufunga katika kipande cha kanga. Kanzu ilimpwaya kama ya kuazima. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu. Umekula?" Akasema amekula. Tulipofika nyumbani alimaliza sahani mbili za wali, akaomba ya tatu kwa macho.

* * *

Wasomaji wengi wa mjini wanaposikia kijana amekwenda kulingania, hufikiri amekwenda kusilimisha. Rufiji si hivyo. Uislamu katika pwani ile ni mkongwe. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakisali, na visiwa vya Mafia vilivyo mbele ya delta vina magofu ya misikiti ya karne nyingi. Watu wa delta ni Waislamu, babu kwa baba. Wanachokosa ni mtu wa kuketi na watoto wao kila siku, kuwaosha maiti wao, kuwakalia vikao vya ndoa, kuwajibu mwanamke anayeuliza habari za eda na mvuvi anayeuliza atasali vipi akiwa juu ya maji. Kazi hii haina ubatizo wa kuhesabiwa. Mwisho wa mwaka ukimwuliza kijana amefanya nini, atakwambia watoto kumi na wawili wamemaliza juzuu ya Amma, basi.

Nilimtembelea mara moja tu, katika mwezi wake wa tatu, na safari yenyewe ilinifunza mengi. Unaacha barabara kuu ya Kilwa pale Bungu, unashuka hadi Nyamisati, na hapo magurudumu yanakwisha. Kutoka Nyamisati ni boti ya mashine au mtumbwi, na saa ya kuondoka haipangwi na mwenye boti wala abiria. Inapangwa na maji. Msitu wa mikoko wa delta una zaidi ya hekta 50,000, umekatwakatwa na mikono ya maji inayofanana kama mapacha: mkoko huku, mchu kule, mkandaa nyuma yake, na mgeni hatambui alikotoka. Ndimo humo ilimojificha manowari ya Kijerumani Königsberg wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakahangaika nayo miezi kadhaa hadi walipoiangamiza Julai 1915. Kama meli ya vita iliweza kupotea humo na mabaharia wake mamia, si ajabu mtu mmoja mwenye mkoba akasahaulika.

Nilimkuta ana furaha. Madrasa yake ilikuwa banda la makuti lenye kuta nusu. Nusu nyingine iliondoka na mvua za mwaka 2024, mwaka ule mafuriko yalipomeza mashamba ya Rufiji na Kibiti, na Kimbunga Hidaya kikafuatia mwanzoni mwa Mei. Aliamka saa kumi usiku. Akiadhini kwa mdomo, kwa kuwa betri ya sola ya msikiti ilikuwa imekufa. Baada ya sala walibaki wazee watano au sita kwa darsa fupi. Saa nne akina mama walikuja chini ya mwembe, wengine na watoto migongoni, wakijifunza kutamka Al-Fatiha kama inavyopasa, nao walikuwa wanafunzi wake bora. Alasiri wanakuja watoto wa shule. Usiku, baada ya Isha, vijana wavuvi kwa mwanga wa tochi za simu.

Mara ya kwanza alitengeneza ratiba kwa saa, akaibandika ukutani. Ilidumu siku tisa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, kijiji kizima kiko kwenye nyavu na kwenye matope ya kaa. Madrasani anabaki yeye na watoto wasioweza kubeba ndoo. Yakija maji mafu, uvuvi ukapungua, banda linafurika hadi wengine wanakaa nje juani. Akaing'oa karatasi, akaanza kuhesabu siku za mwezi kama wanavyozihesabu wenyeji. Mtume (s.a.w.) ametufungamanisha na mwezi kwa ibada zetu, mpwa wangu akajikuta amefungamanishwa nao hata kwa ratiba ya alif na be.

Kisha yakaja majira ya mpunga. Asiyejua Rufiji hajui dungu: kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, ambamo familia huhamia miezi kadhaa kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Kijiji kikahama. Wanafunzi sitini wakawa tisa. Mwingine angefunga madrasa akarudi mjini kupumzika, wala asingelaumiwa. Yeye aliazima mtumbwi na upondo, akawafuata kwenye madungu, leo huku kesho kule. Huko akakuta kwamba watoto hawawezi kuketi kusoma kwa sababu kazi yao ni kuamia ndege tangu kunapopambazuka, wapige debe na kupaza sauti. Akawaambia: someni sura zenu kwa kupaza sauti hiyo hiyo. Alinisimulia huku akicheka kwamba msimu ule ndege wa upande ule walifukuzwa kwa Suratul Fil tangu asubuhi mpaka magharibi, na mtoto mmoja mzito wa kuhifadhi akahifadhi sura tisa juu ya dungu.

Nilirudi mjini kutoka ziara ile nikiwa na fahari. Nilisimulia msikitini, nilisimulia harusini. Sikurudi tena kumwona, na simu nilizompigia baada ya hapo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

* * *

Sasa yale aliyotueleza baada ya sahani ya tatu.

Kamati iliyompeleka, ambayo sitaitaja, iliahidi posho kila mwezi. Ilitoka miezi miwili. Mwezi wa tatu aliambiwa avute subira, wa nne simu haikupokewa. Kijiji nacho kilipanga zamu ya chakula, kila nyumba siku yake, na mwanzoni ilikwenda vizuri mno, mpaka siku nyingine alipata chakula cha nyumba mbili. Lakini zamu isiyoandikwa huishi kwa muda wa ugeni. Kila nyumba ikadhani nyumba nyingine imepeleka. Wakati wa madungu ikafa kabisa. Zamani mwalimu wa chuo alikuwa na ada ya Alhamisi, mtoto anakuja na senti yake au yai au kibaba cha mchele. Siku hizi tumeiona ada ile ni ushamba, tukaiondoa bila kuweka kitu mahali pake.

Akabaki na bibi mmoja. Mwanamke huyu, mjane, alimpelekea kila jioni sahani iliyofunikwa kawa, iwe wali, iwe muhogo wa kuchemsha, bila kuulizwa zamu ya nani. Siku bibi alipovuka kwenda Kibiti kwa matibabu, ustadhi alikaa siku nne kwa chai ya rangi na tende zilizobaki Ramadhani. Hakumwambia mtu. Nilipomwuliza kwa nini, alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Mjomba, mimi ndiye ninayewafundisha kwamba mwenye kuomba watu hushushwa hadhi. Nitapita milango yao na sahani?"

La pili lilikuwa kombe. Baba mmoja alimleta mtoto mwenye homa kali, anataka aandikiwe aya kwenye sahani, zioshwe, mtoto anywe. Kijana wetu amesomeshwa na walimu wasiolikubali jambo hilo. Alimsomea mtoto dua, kisha akamhimiza baba amvushe akapimwe malaria. Mtoto akapona, alhamdulillah, lakini manung'uniko hayakupona: ustadhi gani huyu hajui kombe? Mwenyewe aliniambia kwamba mpaka leo hajui kama alisema vizuri au alisema kwa ukali wa ujana. Hakuwa na mtu wa kumwuliza usiku ule. Mimi wala sitoi hukumu ya kombe katika safu hii. Kuna wanazuoni wa kufanya hivyo. Ninachokitazama ni kijana wa miaka 21, usiku, peke yake, akijiuliza kama amekosea, na mbu wakiimba.

La tatu tulizungumza kwa sauti ya chini, maana watu wa Kibiti bado wanalizungumza hivyo. Miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Ikaja operesheni, bodaboda zikazuiwa kutembea usiku, na familia nyingi zikakimbia makazi. Miaka imepita na amani imerejea, lakini hofu haikuondoka yote. Kijana mgeni, mwenye ndevu, asiye na ndugu kijijini, anayefundisha vijana wa kiume usiku, ni mtu wa kutazamwa mara mbili. Barua yake ya utambulisho ilikuwa sahihi, mwenyekiti wa kijiji aliiona na mtendaji aliipiga muhuri. Hata hivyo kila alipoingia mgeni rasmi, darsa la usiku lilihudhuriwa na watu watatu. Lau wangekuwa walimu wawili, kila mmoja angekuwa shahidi wa mwenzake.

Mwisho ni homa. Ilimshika usiku wa maji kupwa. Vijana wavuvi, Mungu awalipe, walimlaza ndani ya mtumbwi wakaanza kumvusha, wakapwelewa kwenye tope katikati ya mikoko. Walikaa hapo saa tano wakisubiri maji yajae, yeye akitetemeka chini ya tanga, wao wakimsomea sura fupi fupi alizowafundisha. Alifika bara alfajiri. Alitibiwa, akapata nafuu, na alipopata nauli ya kwanza akapanda basi la mjini. Hakuwa amemkasirikia mtu. "Nilichoka tu mjomba," akasema.

* * *

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa ninawafikiria wale wawili wa kituoni, na wivu ulinishika. Nasema kweli, wivu. Tunao msemo wetu mjini kwamba wenzetu wana fedha za nje, na hapo mjadala unafungwa. Lakini yule wa Uganda hakulishwa na Marekani peke yake, na kwenda wawili wawili hakuhitaji dola.

Tena si jambo la kuazima kwao. Mtume (s.a.w.) alipotuma walimu Yemen aliwatuma Muadh bin Jabal na Abu Musa al-Ash'ari, kila mmoja upande wake, akawausia wafanye mambo kuwa mepesi wala wasiyafanye magumu, wawape watu bishara wala wasiwakimbize, na wasikilizane wala wasihitilafiane. Wasia wa mwisho huo hapewi mtu aliye peke yake. Na mapokezi yanatueleza kwamba kila mmoja alipokaribia eneo la mwenzake alikwenda kumzuru. Waliketi wakaulizana, wewe unaisomaje Qur'ani usiku wako? Swali dogo kama hilo, baina ya marafiki wawili walio mbali na nyumbani. Mpwa wangu hakuulizwa na mtu swali hilo kwa miezi kumi na mmoja.

Na kuna Mus'ab bin Umayr, ambaye tunapenda kumtaja kwa vijana wetu tunapowatuma: kijana wa nyumba ya kitajiri Makka, aliyejulikana kwa mavazi na manukato yake, akaacha yote, akatumwa Madina kufundisha kabla ya Hijra. Tunasimulia jinsi Usayd bin Hudhayr alivyomjia na mkuki kwa hasira, akaketi kusikiliza, akainuka Mwislamu. Tunasimulia jinsi alivyokufa Uhud ameshika bendera, na jinsi sanda yake ilivyokuwa fupi. Tukifika hapo tunalia, kisha tunamkabidhi kijana nauli ya kwenda tu.

Tunachokipita haraka ni nyumba aliyofikia. Mus'ab alikaa kwa As'ad bin Zurara. Alikula kwake, alilala kwake, na As'ad ndiye aliyetembea naye ubavuni kwenye mabustani ya watu, akimnong'oneza: huyu anayekuja ni bwana wa kaumu yake. As'ad alifariki mapema, wakati msikiti wa Mtume ukijengwa, hakuiona hata Badr. Nimehudhuria hotuba nyingi juu ya Mus'ab. Juu ya As'ad sikumbuki hata moja, wala mimi mwenyewe katika miaka yote ya safu hii sikuwahi kumwandikia mstari.

Dada yangu si mtu wa maneno mengi. Alinisikiliza nikieleza haya yote, akaniuliza: "Kaka, wewe ulimpelekea nini mtoto tangu aende?" Nikakumbuka vocha ya simu, mara mbili. Nikakumbuka mchango wangu wa pilau ya kumwaga, ambao ulikuwa mkubwa na niliutaja mbele za watu.

* * *

Juzi bibi mjane amepiga simu. Aliazima ya mvuvi, akapanda kwenye kilima ambako mtandao hushika, akampata dada yangu. Alisema watoto wanakuja kila alasiri kwenye banda, wanakaa wenyewe, mkubwa wao anawasomesha wadogo mpaka pale alipofikia yeye, kisha wanaanza upya tangu Al-Fatiha kwa sababu mbele hawakujui. Akauliza kama ustadhi amepona. Hakuuliza kama atarudi.

Kijana alipopewa habari hizo alitoka nje, akakaa barazani muda mrefu. Aliporudi akasema yuko tayari kwenda, mwezi ukiandama, iwapo hatakwenda peke yake. Amempata mwenziwe, rafiki waliyesoma naye, kijana mtulivu kutoka Mkuranga. Baba wa kijana huyo alikuja nyumbani jana baada ya Alasiri, mzee mmoja mkavu wa maneno, akakataa soda, akaketi. Hakuuliza habari za thawabu, wala mtaala, wala kamati. Aliuliza mambo matatu: wanakwenda kwa muda gani, nani atampigia mwanangu simu, na watakula wapi.

La kwanza tulikubaliana miezi kumi na minane, kisha warudi, wengine wapokee. La pili mama zao wawili wameligawana, Jumatatu na Alhamisi.

La tatu dada yangu alikuwa amelishughulikia kabla. Alitoa daftari la shule lenye jalada la buluu. Kwa muda wa siku tatu alikuwa akizungumza na bibi na mwenyekiti wa kijiji kwa simu ya mvuvi, na ameandika nyumba sita, kila nyumba na siku yake, na pembeni ameandika nani atachukua zamu iwapo nyumba hiyo iko kwenye dungu. Jumamosi ni ya bibi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, zote zina majina. Yule mzee aliupitisha ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika Ijumaa, akakuta pako wazi.

"Na hapa?" akauliza.

Dada hakumjibu. Alinigeuzia daftari mimi, akaweka kalamu juu yake.